Bastola ya Nagant na Viasi Vyake

Katika Kiswahili cha zamani kitu kile tunachokiita leo risasi kiliitwa kiasi, na wingi wake viasi. Jina hilo lilikuwa la haki, maana ndani ya ganda moja la shaba mmepimwa vitu vitatu: fataki ya kuwasha moto kitakoni, baruti katikati, na risasi yenyewe mbele. Katika insha hii nitalitumia jina hilo la kale, ili msomaji asichanganye kitu kizima na kile kipande kinachoruka.

Bastola ninayotaka kuieleza ilizaliwa Liège, mji wa Ubelgiji uliokuwa mashuhuri kwa mafundi wa bunduki. Huko walikuwapo ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, na mwaka wa 1895 serikali ya Urusi iliichagua bastola ya Léon kuwa silaha ya jeshi lake. Toka mwaka wa 1898 Warusi walizitengeneza wenyewe katika mji wa Tula. Kwa sura yafanana na bastola nyingine za siku zile zenye silinda izungukayo, ila matundu yake ni saba badala ya sita.

Ajabu yake imo katika kiasi chake. Katika bastola za namna hii huwapo mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu, na baruti inapowaka, sehemu ya nguvu yake hupenya hapo ikapotea bure. Nagant hakuridhika na upotevu huo. Kinyundo cha bastola yake kikivutwa nyuma, silinda nzima husogea mbele mpaka ikabana na mtutu. Tena ganda la kiasi ni refu, lapata milimita 38, hata risasi yote imezama ndani yake isionekane. Mdomo wa ganda hilo, uliobanwa kidogo, huingia katika mtutu, na baruti inapolipuka hutanuka na kuuziba mwanya kabisa. Kitakoni mna ukingo mpana unaolizuia ganda lisitumbukie tunduni. Ni kazi ya akili sana. Kama faida ilistahili taabu ni neno jingine, kwa sababu kuifyatua kwataka kidole chenye nguvu nyingi, na maganda matupu hutolewa moja moja kwa kijiti, askari akingoja na adui hangoji. Kwa maoni yangu fundi huyu aliitibu homa ndogo kwa dawa kubwa.

Hata hivyo bastola ile ilienea. Ilikuwapo katika Mapinduzi ya mwaka wa 1917 na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Na miongoni mwa bastola zilizomwua Mfalme Nicholas wa Pili na jamaa zake huko Yekaterinburg, Julai 1918, zilikuwamo za Nagant. Katika Kirusi neno nagan likawa jina la bastola yoyote ya silinda. Hata baada ya jeshi la Kisovieti kuchagua bastola ya Tokarev katika miaka ya 1930, mafundi wa Tula waliendelea kutengeneza za Nagant wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka wa 1991, bastola nyingi zilizokuwa zimelala katika bohari ziliuzwa nchi za nje, hasa Marekani, ambako raia huruhusiwa kuzinunua. Ndipo shida ilipoonekana. Bastola zilikuwa tele na rahisi, lakini viasi vyake vilikuwa adimu na ghali, kwani viwanda vilivyovitengeneza, kama kile cha Fiocchi cha Italia, vilikuwa vichache. Wenye bastola wakaurudia ufundi wa kale wa kulijaza upya ganda tupu.

Ufundi huo wajulikana sana Marekani. Wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870, waliokaa nyikani mbali na maduka, walibeba vyungu vya kuyeyushia risasi, baruti, na fataki, wakajaza usiku maganda waliyoyamaliza mchana. Kiasi kikifyatuliwa, kinachobaki mkononi ni shaba, nayo ndiyo ghali kuliko vyote. Hapa pana kisa cha kuchekesha kidogo. Mwaka wa 1866 mafundi wawili walibuni fataki za namna mbili: Edward Boxer, Mwingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na fataki iliyokwisha kazi hutolewa kwa urahisi. La Berdan lina matundu madogo mawili, na kuitoa ni taabu. Basi Wamarekani wakapenda ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakachukua ya Mmarekani! Warusi walikuwa miongoni mwa hao wa Ulaya, kwa hiyo maganda yao ya Nagant hayafai sana kwa kazi hii.

Wengine walitumia ganda jingine la Kimarekani, lile la bunduki ya kuwindia liitwalo .32-20. Laingia tunduni, lakini ni fupi, halifiki mtutuni. Bastola hulia, na mwanya ukabaki wazi kama katika bastola zote nyingine, na akili yote ya Nagant ikawa bure. Kazi yenyewe ina hatari, kwani baruti ikizidi kidogo tu silinda yaweza kupasuka usoni pa mwenyewe.

Msomaji aweza kuuliza jambo hili latuhusu nini sisi. Wakubwa wa Ulaya walijua zamani kwamba silaha ina njaa, na mwenye kushika chakula chake ndiye mwenye silaha. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 walizuia bunduki za kisasa na viasi vyake visiingie sehemu kubwa ya Afrika, nchi yetu ikiwamo. Bunduki za kale za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Ethiopia ilipata njia ya kununua silaha hata hivyo, ikayashinda majeshi ya Italia huko Adwa tarehe 1 Machi 1896. Huko viasi vya bunduki ya Gras ya Kifaransa vilithaminiwa hata vikatumika sokoni kama fedha ndogo.

Katika Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa msituni waliweza kujiundia bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Viasi hawakuweza kuviunda kwa njia hiyo. Ilibidi viibwe, vinunuliwe kwa siri, au vipelekwe msituni na wanawake waliovificha katika mizigo yao. Serikali ya kikoloni ilifanya kuwa navyo kuwe kosa la kunyongwa, hata vikiwa viwili vitatu. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, mashtaka aliyosomewa Nyeri hayakuwa ya uasi wala ya mauaji. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola moja ya silinda pamoja na viasi vyake, naye akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.