Darajani pasipo daraja

Mgeni wa Unguja haishi siku bila kutajiwa Darajani. Huenda, akaangaza huku na huku, akaona soko, maduka na msongamano wa watu. Daraja halioni.

Daraja lilikuwapo, na maji yalikuwapo. Mkono wa bahari uliingia nyuma ya mji, ukijaa na kupwa, ukautenga Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na upande wa pili, ambao mpaka leo tunauita Ng'ambo. Enzi za Waingereza mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, ikapita barabara. Maji yakaondoka, majina yakabaki.

Watembeza wageni wanaijua kazi yao. Watakuonyesha Ngome Kongwe, Beit el-Ajaib iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na kanisa la Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nje ya mji watakupeleka Maruhubi, kwenye magofu ya kasri lililoungua mwaka 1899, kisha hamamu ya Kidichi kwenye mashamba ya mikarafuu. Yote yanafaa kuonwa. Lakini Ng'ambo gari hupita tu, halisimami.

Huko ndiko walikoishi wachukuzi, wavuvi, mafundi, na wengi waliotoka utumwani pamoja na vizazi vyao. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi. Ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka huohuo alikwenda Bombay kurekodi santuri. Na ndiko yaliposimama majumba marefu ya Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia, na ulistahili. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib ilipoporomoka ikiwa katika ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha, habari zilienea dunia nzima. Je, nyumba ya udongo ya Ng'ambo ikibomolewa, na mzee aliyeijua historia yake akafariki, nani atapata habari?

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni wa pande zote mbili. Basi ukifika Unguja, vuka barabara ile, uketi barazani na wazee, uwasikilize. Lile daraja la zamani halikujengwa ili watu waishie upande mmoja.