Thamani ya Sarafu za Dhahabu za Uchina

Mizani ya sonara ni chombo cha kweli, lakini ujuzi wake ni mmoja tu. Ukiiwekea sarafu ya dhahabu, itakuambia uzito wake, kisha itanyamaza. Haitakuambia ni nani aliyeamuru sarafu hiyo ipigwe, wala alipewa nani, wala ni ngapi zilizopigwa pamoja nayo, wala ni ngapi zilizosalia duniani. Hata hivyo, mambo hayo ndiyo yafanyayo sarafu mbili zenye uzito mmoja ziuzwe mnadani, moja kwa bei ya dhahabu yake, na nyingine kwa bei ya nyumba. Katika insha hii tutazitazama sarafu za dhahabu za Uchina, tupate kufahamu jinsi uadimu na thamani yake vinavyopimwa. Tutaona kwamba kipimo hicho ni kazi ya mwanahistoria kama kilivyo kazi ya mfanyabiashara.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba Wachina wa kale hawakuwa na desturi ya kununua na kuuza kwa sarafu za dhahabu. Qin Shi Huang alipoziunganisha dola za Uchina katika mwaka 221 kabla ya Kristo, alieneza sarafu moja ya shaba katika nchi yake yote. Sarafu hiyo ilikuwa ya mviringo, yenye tundu la mraba katikati, na umbo hilo lilidumu zaidi ya miaka 2,000. Kwa tundu lile sarafu zilitungwa kambani kama shanga, zikabebwa kwa mamia. Dhahabu, kwa upande wake, ilihesabiwa kwa uzito. Katika dola ya Chu, kabla ya wakati wa Qin, dhahabu ilifanywa bapa, ikagongwa mihuri, kisha ikakatwa vipande kwa kadiri ya malipo. Katika wakati wa wafalme wa Han dhahabu nyingine ilisubuwa kwa umbo la kwato za farasi. Vipande vya namna hiyo vimeonekana katika kaburi la Liu He karibu na mji wa Nanchang, mtu aliyekalia kiti cha ufalme mkuu kwa siku 27 tu katika mwaka 74 kabla ya Kristo.

Basi mtu akionyeshwa sarafu ya dhahabu ya Uchina ya kale, swali la kwanza limpasalo kuuliza ni hili: ilipigwa kwa haja gani, hali watu sokoni walitumia shaba? Jibu moja lilipatikana katika mwaka 1970 mahali paitwapo Hejiacun, katika mji wa Xi'an. Wajenzi walifukua vyungu vilivyojaa hazina ya wakati wa wafalme wa Tang, na ndani yake zilikuwamo sarafu 30 za dhahabu zenye maandishi ya Kaiyuan Tongbao. Sarafu za shaba zenye maandishi hayo hayo zilianza kutolewa mwaka 621, na mpaka leo zapatikana kwa wingi, kwa sababu zilitengenezwa ziende kila soko. Zile za dhahabu zilikuwa vitu vya jumba la mfalme, vya kutunukiwa na kuwekwa. Umbo ni moja na maandishi ni mamoja, lakini haja zilikuwa mbili, na tofauti ya haja ndiyo iliyozaa tofauti ya uadimu.

Mfano mwingine una mafunzo makubwa zaidi. Katika mwaka 1644, ufalme wa Ming ulipokuwa ukianguka, mwasi mmoja aliyeitwa Zhang Xianzhong aliuteka mji wa Chengdu katika jimbo la Sichuan, akajitawaza. Jina lake limebaki katika historia kwa sababu ya damu nyingi iliyomwagwa katika siku zake. Aliwatunukia watu wake waliofanya vema sarafu za dhahabu, za fedha na za shaba, zenye maandishi Xiwang Shanggong, yaani tuzo ya Mfalme wa Magharibi. Utawala wake haukufika miaka mitatu. Katika mwaka 1646 merikebu zake zilizopakia mali zilipigwa vitani katika mto Min, mahali paitwapo Jiangkou, zikazama; na mwanzoni mwa mwaka 1647 yeye mwenyewe aliuawa na majeshi ya Qing.

Kwa karne nyingi watu wa Jiangkou walisimuliana habari za hazina iliyolala chini ya mto, na wasomi wengi walidhani ni ngano tu. Wakusanyaji wa sarafu nao walizijua sarafu za Mfalme wa Magharibi chache mno, hata ile ya dhahabu ikahesabiwa miongoni mwa sarafu adimu kabisa za Uchina. Kisha, katika mwaka 2005, wafanyakazi waliokuwa wakichimba hapo walipata vipande vya fedha vilivyofichwa ndani ya gogo la mti. Wezi wakasikia. Usiku walizama mtoni kwa siri, wakatoa vitu vya thamani, na kuviuza kwa watu waliokuwa tayari kulipa bila kuuliza. Serikali iliwakamata wengi wao, na katika mwaka 2017 wataalamu wa mambo ya kale wakajenga ukuta ndani ya mto, wakayatoa maji kwa mashine, wakachimba mchana na kwa utaratibu. Maelfu ya vitu yalionekana, na miongoni mwake sarafu za Mfalme wa Magharibi zilizopita kwa mbali idadi iliyojulikana zamani.

Tazama sasa yaliyotokea. Dhahabu ya sarafu zilizokuwa kabatini mwa wakusanyaji haikupungua hata chembe, lakini uadimu wake ulibadilika kwa sababu mto umefunguliwa. Hapa twajifunza kwamba tukisema kitu ni adimu, twasema habari ya vile tuvijuavyo, na ujuzi wetu waweza kuongezeka kesho. Tena twajifunza jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Sarafu aliyoitoa mtaalamu yaeleza ililala wapi, kando ya kitu gani, na katika merikebu ya namna gani. Kwa hiyo imethibitisha kwamba wazee wa Jiangkou hawakusema uongo. Sarafu aliyoitoa mwizi ni dhahabu ile ile, lakini imenyang'anywa ushahidi wake. Mnunuzi aliyetoa fedha kwa siri aliilipia hasara hiyo, na hapana mnada uwezao kuirudisha.

Sarafu nyingine huwa adimu kwa sababu jambo lililokusudiwa halikutimia. Yuan Shikai, aliyekuwa rais wa Jamhuri ya Uchina, alitaka kuwa mfalme mkuu, na enzi yake mpya iliyoitwa Hongxian ikaanza siku ya kwanza ya mwaka 1916. Sarafu za dhahabu zilitengenezwa, upande mmoja zikiwa na sura yake na upande wa pili joka lenye mabawa. Mchoraji wake alikuwa Mwitalia Luigi Giorgi, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha Tianjin. Lakini majimbo yalimwasi, naye akauacha ufalme mwezi wa Machi mwaka ule ule, na mwezi wa Juni akafa. Sarafu zile hazikuenea mikononi mwa watu. Mkusanyaji aliyenayo moja ameshika mkononi ushahidi wa tamaa iliyodumu chini ya miezi mitatu.

Tuje sasa katika zama zetu. Tangu mwaka 1982 Uchina imetoa kila mwaka sarafu za dhahabu zenye sura ya panda, na upande wa pili hekalu la Beijing ambamo wafalme waliomba mavuno mema. Za mwaka wa kwanza zilikuwa za namna nne, kubwa yake ikiwa na wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, na hazikuandikwa thamani yoyote ya fedha. Tangu mwaka 2016 uzito umehesabiwa kwa gramu kamili, na ile kubwa ya kawaida ina gramu 30. Sura ya panda hubadilishwa kila mwaka. Ilipotangazwa kwamba sura ya mwaka 2001 haitabadilishwa tena, wakusanyaji walinung'unika sana. Ile ya mwaka 2002 ilitoka na sura ile ile, kisha desturi ya kubadilisha ikarudishwa.

Katika mwaka 1982 sarafu za wakia moja zilizotolewa zilikuwa karibu 16,000, na katika miaka ya baadaye zimetolewa kwa malaki. Basi mwanafunzi aweza kudhani kwamba kazi ya kupima uadimu ni kusoma hesabu hizo tu. Sivyo. Yampasa atofautishe hesabu tatu: idadi iliyoruhusiwa, idadi iliyopigwa hasa, na idadi iliyosalia katika hali njema. Bei ya dhahabu ipandapo, sarafu nyingi huyeyushwa. Nyingine hutiwa kikuku cha dhahabu zikavaliwa shingoni. Nyingine husuguliwa na wenyewe kwa nia njema ya kuzing'arisha, na kumbe msuguo huo huondoa uso wa sarafu usioweza kurudishwa. Kwa sababu hiyo, sarafu iliyobaki ndani ya mfuko wake wa kiwandani huthaminiwa kuliko mwenzake iliyochakaa. Tena zipo tofauti ndogo ambazo jicho la haraka halizioni: katika baadhi ya miaka ya 1990 tarehe iliandikwa kwa tarakimu kubwa katika sarafu nyingine na kwa tarakimu ndogo katika nyingine, na aina moja yaweza kuwa adimu kuliko ya pili.

Hata hivyo, uadimu pekee haununui kitu. Kitu kilicho kimoja tu duniani, kisichotakiwa na mtu, hakina bei. Thamani huzaliwa pale uadimu ukutanapo na haja ya watu, na haja za watu hupanda na kushuka. Mwenye kununua sarafu kwa bei kubwa yafaa ajue ni sehemu gani ya bei hiyo ni dhahabu, ambayo sonara yeyote ataikubali, na ni sehemu gani ni matamanio ya wakusanyaji, ambayo yaweza kupoa.

Na kabla ya hesabu hizo zote huja swali la uhalali: je, sarafu ni ya kweli? Sentimeta moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3. Sarafu ya wakia moja, ikining'inizwa ndani ya maji kwa uzi mwembamba, uzito wake hupungua kwa gramu 1.6 hivi. Sarafu ya shaba yenye ukubwa ule ule ingekuwa na gramu 14 na kitu tu, kwa hiyo hila ya kupaka shaba dhahabu hugunduliwa upesi. Lakini ipo madini iitwayo tungisteni, ambayo uzito wake ni gramu 19.25 kwa kipimo hicho hicho. Nayo, ikivikwa dhahabu, yaweza kuipita mizani na maji pamoja. Hapo mtu hana budi kutazama ukingo, maandishi na mistari midogo ya uso, na kuilinganisha sarafu na nyingine iliyothibitishwa.

Tumalizie pwani yetu. Katika mwaka 1945 sarafu za Kichina zaidi ya 100, nyingi zikiwa za wakati wa Song, zilifukuliwa Kajengwa katika kisiwa cha Unguja. Na katika mwaka 2013 wataalamu walioongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu moja yenye jina la enzi ya Yongle, mfalme aliyemtuma Zheng He baharini kuanzia mwaka 1405. Sarafu hiyo si ya dhahabu, na ndugu zake wako tele huko Uchina. Peke yake haithibitishi kwamba merikebu ya Zheng He ilitia nanga Manda, maana sarafu hupita mikono mingi. Lakini ilifukuliwa na watu walioandika mahali ilipolala, na kwa hiyo yashuhudia kwamba biashara ya bahari ilizifikisha mali za mbali katika kisiwa hiki. Ingalitolewa kwa siri na kuuzwa mjini, ingalikuwa kipande cha shaba cha bei ndogo. Mwanafunzi aokotaye sarafu ya kale shambani au ufukoni asiisugue wala asiiuze. Na aweke alama mahali alipoiona, kisha apeleke habari kwenye makumbusho.