Kihamba na Barabara ya Sandton

Kuanzia tarehe 26 Agosti hadi 4 Septemba 2002, Johannesburg iliupokea Mkutano wa Dunia wa Maendeleo Endelevu. Huko ndiko Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikozindua mpango wa kuitambua mifumo ya kilimo cha jadi kuwa urithi wenye thamani kwa ulimwengu. Tarehe 31 Agosti, maelfu ya watu, wakiwemo wasio na ardhi, waliandamana kutoka Alexandra hadi Sandton, mkutano ulikofanyika. Dai lao lilikuwa kongwe: tangu Sheria ya Ardhi ya 1913, Waafrika walikuwa wamezuiwa kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yao.

Mpango huo ulifika Kilimanjaro mwaka 2011, vihamba vya Wachaga wa Shimbwe Juu vilipotambuliwa. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, nalo limepangwa kwa tabaka: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha mibuni, na kivulini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hulishwa zizini kwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi mashinani. Maji huja kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka mito ya mlimani, na kugawanywa kwa zamu.

Neno "jadi" hapa lataka tahadhari. Asili ya mgomba ni Asia. Mbuni uliletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ukakaa kivulini kana kwamba ulikuwa umewekewa nafasi. Kufikia 1925 wakulima walikwisha kuunda chama chao cha kahawa, kilichorithiwa na KNCU mwaka 1933. Kihamba kimeishi kwa kupokea wageni.

Kwa hiyo kinachokitisha si usahaulifu. Kila kizazi hukigawa kwa wana, na kipande kisichotosha humpeleka mwenyewe mjini. Mfongo uliokosa wa kuuzibua hujaa matope. Mradi wa Shimbwe Juu ulileta vanila, samaki aina ya trauti, na kilimo cha kahawa isiyotiwa kemikali. Hatua hizo ni za busara, hata za kijadi kwa maana iliyotajwa, lakini haziongezi hata hatua moja ya ardhi. Nani arithi, na binti ana fungu gani, ni mambo yanayoamuliwa bado katika vikao vya ukoo.