Safari ya Maji ya Bomba: Jinsi ya Kuwafundisha Watoto kwa Vitendo

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu na kusafishwa katika mitambo miwili: Ruvu Juu uliopo Mlandizi na Ruvu Chini uliopo wilayani Bagamoyo. Kwa mtoto anayeyaona yakitoka bombani tu, safari hiyo imefichika. Hata hivyo, vifaa vya kuionyesha havina gharama: chupa za plastiki, mchanga, kokoto, mkaa, kitambaa na ndoo ya maji ya tope.

Somo huanza na tope lenyewe. Maji hugawanywa katika glasi mbili. Moja hutiwa shabu kidogo iliyosagwa na kukorogwa, kisha zote huachwa zitulie. Baada ya muda, chembe katika glasi yenye shabu hushikamana na kuzama, ilhali nyingine bado imechafuka. Mahali pasipo na shabu, mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo.

Maji yaliyotulia hupitishwa kwenye chujio: chupa iliyokatwa kitako, ikapinduliwa, mdomo ukafungwa kitambaa, kisha ikajazwa mkaa, mchanga laini na juu yake kokoto, vyote vikiwa vimeoshwa.

Yatokayo huwa meupe, na mtoto atataka kuyaonja. Asiruhusiwe kabisa. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na chujio la chupa haliwezi kutegemewa kuvizuia. Ili jambo hili lieleweke, mwalimu huandaa glasi mbili za maji yaliyochemshwa na kupozwa, moja akiwa ameyeyusha chumvi ndani yake. Watoto huulizwa ipi ina chumvi; hakuna awezaye kujua kwa kutazama. Hapo ndipo umuhimu wa klorini mitamboni, na wa kuchemsha maji nyumbani, unapoeleweka bila maelezo marefu.

Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, ingawa mara nyingi husahaulika. Mpira mwembamba uliozibwa ncha moja na kutobolewa tundu dogo huunganishwa na chupa ya maji safi iliyo wazi juu. Sehemu yenye tundu huzamishwa katika beseni la maji ya rangi. Chupa ikiinuliwa, maji safi hutoka tunduni. Ikishushwa chini ya usawa wa beseni, maji ya rangi huingia na kupanda hadi kwenye chupa. Ndivyo inavyoweza kutokea wakati wa mgao wa maji: msukumo ukipungua, maji machafu yaliyozunguka bomba lililopasuka, au lililotobolewa kinyume cha sheria, hupenya ndani.

Uvujaji mijini huripotiwa kwa mamlaka ya maji ya eneo husika. Vijijini, taarifa hupelekwa kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.