Samaki wa Moshi Aliyenipoteza Njia

Wasomaji wa hadithi za upelelezi mnamjua yule mtu tunayemshuku tangu sura ya pili, kumbe hana hatia. Mwandishi kamweka pale makusudi atupoteze. Kwa Kiingereza mtego huo huitwa red herring, yaani heringi mwekundu. Miaka michache iliyopita, katika uchambuzi wa riwaya moja, niliandika kwa kujiamini kwamba jina hilo lilitoka kwa wawindaji waliomburuza samaki huyo porini ili kuwapima mbwa kama watapotea. Leo naomba radhi. Nilidanganyika, nami nikadanganya.

Tuanze na samaki mwenyewe. Baharini hakuna heringi mwekundu. Heringi ni samaki mdogo mwenye rangi ya fedha. Wekundu huupata kwa kulowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha kukaushwa kwa moshi siku kadhaa mpaka anuke kweli kweli. Mji wa Great Yarmouth, pwani ya mashariki ya Uingereza, ulijulikana sana kwa samaki huyo, na mwaka 1599 Thomas Nashe alitoa kitabu cha kumsifu.

Wawindaji nao walimtumia, ila si kama nilivyoandika. Vitabu vya uwindaji vya karne ya 17 vinaeleza kuburuza paka au mbweha aliyekufa, na wakikosekana, heringi mwekundu, ili mbwa waifuate harufu na farasi wazoee kukimbia nao. Kazi yake ilikuwa kuonyesha njia, si kuipoteza.

Maana ya kupoteza ilienezwa na mwanahabari, William Cobbett. Februari 1807, katika gazeti lake la Political Register, alisimulia kwamba utotoni aliwahi kumburuza heringi mwekundu ili mbwa waache kumfuata sungura. Kisha akawageukia wanahabari wenzake: walikimbilia habari za uongo kwamba Napoleon ameshindwa, wakayasahau mambo mazito ya nyumbani.

Hapo ndipo panaponichoma. Msemo huu ulipata nguvu kama karipio kwa watu wa kazi yangu, wanaofuata harufu bila kuuliza nani kaburuza. Nami, karne mbili baadaye, niliifuata hadithi ya asili yake kwa sababu tu ilinukia vizuri.