Historia ya Kuutafuta Mtetemo wa Propela

Propela, au propela shafti kwa jina lake kamili, ni bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka kwenye giaboksi iliyo mbele ya gari hadi kwenye difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa kuwa ekseli hiyo hupanda na kushuka pamoja na springi ilhali giaboksi imefungwa mahali pake, kila mwisho wa propela huwekwa kros, yaani kiungo cha chuma chenye umbo la msalaba ambacho ncha zake nne huzunguka ndani ya vikombe vya beringi na kuuruhusu mzunguko upite hata pale shafti inapoinama. Gari linapotetemeka likiwa katika mwendo, chanzo kinaweza kuwa kros iliyolika, bomba lililopinda, uzito usiolingana pande zote au pembe mbaya ya viungo, na dereva aliyeketi kitini huhisi karibu kitu kilekile katika hali zote hizo. Historia ya kuubaini mtetemo huu ni historia ya kuzitenganisha sababu zinazofanana, na sehemu kubwa ya maarifa yaliyohitajika ilipatikana kabla gari lenyewe halijakuwapo.

Katika nchi nyingi za Ulaya kiungo cha msalaba kinaitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, mwanazuoni wa Italia wa karne ya 16, ingawa yeye alieleza zaidi namna ya kuning'iniza kitu ndani ya pete ili kisipinduke. Aliyekitumia kiungo hicho kupitisha mzunguko, na kukichunguza kwa makini, ni Robert Hooke wa London, ambaye katika miaka ya 1670 alikuwa akitengeneza vyombo vya kutazamia jua. Hooke alibaini kwamba shafti ya kwanza ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, ya pili iliyoinamishwa haiwezi kufanya hivyo, kwani katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwake yeye hali hiyo ilikuwa na manufaa, kwa sababu ililingana na mwendo wa kivuli kwenye saa ya jua. Kwa gari, hiyo ndiyo asili ya tatizo: pembe ikiwa nyuzi 10, kasi ya shafti ya pili hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5, na ikifika nyuzi 30 huongezeka hadi kuzidi asilimia 15. Hooke alionyesha pia kwamba viungo viwili vikifuatana kwa mpangilio unaofaa, kosa la kimoja hufutwa na kingine, na kanuni hiyo ndiyo iliyo chini ya kila gari lenye kros mbili.

Maarifa ya pili yalitoka viwandani. Mwaka 1869 mhandisi William Rankine wa Uskoti aliandika juu ya shafti ndefu zinazopinda kwa nguvu ya mzunguko wake zenyewe, akahitimisha kwamba ipo kasi ambayo shafti haiwezi kuivuka salama. Hitimisho hilo halikuwa sahihi. Mnamo 1889 Gustaf de Laval wa Uswidi aliendesha tabo ya mvuke yenye shafti nyembamba inayonesa kwa kasi iliyo juu mno ya mpaka huo, na mwaka 1894 Stanley Dunkerley wa Uingereza akatoa njia ya kuikadiria kasi hiyo hatarishi. Kwa ajili ya magari jambo moja lilikuwa na uzito kuliko mengine, nalo ni kwamba shafti ikifupishwa kwa nusu, kasi yake hatarishi huongezeka mara nne.

Gari lilizipokea kanuni hizi polepole. Louis Renault alitumia shafti badala ya mnyororo katika gari lake la mwaka 1898, na mwaka 1903 Clarence Spicer, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alipata hataza ya kiungo kilichofunikwa ili grisi ibaki ndani na vumbi libaki nje. Magari ya wakati huo yalikwenda taratibu, na mtikisiko wa injini na barabara uliuficha ule wa propela. Kasi ilipoongezeka na sakafu za magari zikashushwa, watengenezaji wengi waliigawa propela katika vipande viwili na kuishikilia katikati kwa beringi iliyovikwa mpira, hatua iliyoondoa hatari ya shafti ndefu lakini ikaleta kros ya tatu, pembe nyingine ya kupima na mpira wa kuchakaa.

Hapo ndipo kuhesabu mitetemo kulipokuwa lazima. Jaribio la kwanza ni la kulifikisha gari kwenye kasi linayotetemekea, kisha kutoa gia na kuliacha liserereke. Mtetemo ukibaki, injini haimo katika mashaka. Linalofuata ni hesabu. Gari lenye tairi ya mzingo wa mita 2, likienda kilomita 100 kwa saa, huzungusha magurudumu karibu mara 14 kwa sekunde, na kama uwiano wa difu ni 4 kwa 1, propela huzunguka karibu mara 56. Mtetemo wa mara 14 ni wa tairi au rimu. Wa mara 56 ni wa uzito usiolingana au bomba lililopinda. Wa mara 112, yaani mbili kwa kila mzunguko wa propela, ni wa pembe za viungo, na ndio uleule alioueleza Hooke. Ili kupata hesabu hiyo mafundi walitumia kipimo cha ndimi, kijisanduku chenye safu ya vijiti vyembamba vya chuma, kila kimoja kikiitikia idadi yake ya mitetemo, hadi vipimo vya elektroniki vilipokuja kuchukua nafasi yake.

Uzito usiolingana ulikuwa na tiba ya kiwandani, yaani mashine ya kusawazisha, lakini gereji za kawaida zilijitafutia njia. Gari hupandishwa juu ya stendi imara, propela ikazungushwa, na chaki ikasogezwa taratibu mpaka iguse upande unaotoka nje, ambao katika kasi ya chini ndio upande mzito. Kisha klipu mbili za kubania mpira wa rejeta hufungwa vichwa vikiwa upande wa pili, na vichwa hivyo hutenganishwa kidogo kidogo hadi mtetemo ufike mahali unapopungua kabisa. Klipu ya skrubu ilibuniwa na Lumley Robinson wa Uingereza mwaka 1921, na ni vigumu kutaja chombo kingine cha bei ndogo kiasi hicho kilichofanya kazi nzito hivyo.

Viungo vya kasi isiyobadilika, kama kile alichobuni Alfred Rzeppa mwaka 1926, viliwezesha magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele kuenea na kuiacha propela. Hata hivyo malori, pikapu na mabasi madogo kama Toyota HiAce yanayobeba abiria Afrika Mashariki bado yanaitegemea. Katika magari hayo kosa linaloweza kuepukwa kwa urahisi hutokea wakati wa kubadilisha kros: propela huvutwa kwenye meno yake ya kuteleza, ikarudishwa ikiwa imeruka meno kadhaa, na uma zinazoshika kros hazikabiliani tena, hivyo viungo viwili huzidishiana kosa badala ya kulifuta. Kros mpya hulaumiwa, ikanunuliwa nyingine, na gari likaendelea kutetemeka. Kila fundi na apige alama kwenye uma zote mbili kabla hajafungua bolti ya kwanza.