Linux katika kompyuta za mashirika
Linux ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Toleo la 1.0 la kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, lilitoka Machi 1994. Mwanzoni iliingia katika makampuni kwa mlango wa nyuma: mafundi waliisimika kwenye mashine chakavu ili zihudumie barua pepe na tovuti, mara nyingi wakubwa wasijue.

Uwezo wake ulikua hatua kwa hatua. Toleo la 2.0 (1996) liliruhusu prosesa kadhaa kufanya kazi pamoja. Mfumo wa mafaili wa ext3, uliotiwa ndani ya kerneli mwaka 2001, huweka kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea. Umeme ukikatika, seva huwaka tena haraka bila kukagua diski nzima.

Lakini benki haichagui mfumo endeshi kwanza. Huchagua hifadhidata na programu za hesabu, kisha huuliza mwenye programu ameidhinisha mfumo upi. Ndiyo maana tangazo la Oracle la Julai 1998, kwamba hifadhidata yake itafanya kazi kwenye Linux, lilikuwa na uzito zaidi kuliko maboresho mengi ya kerneli. IBM nayo iliifikisha Linux kwenye kompyuta zake kubwa za S/390, na mwishoni mwa 2000 ikatangaza kuitengea dola bilioni 1 kwa mwaka uliofuata.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kasi. Matoleo mapya yalifuatana upesi mno, na wenye programu hawakuweza kuyapima yote. Mwaka 2002 kampuni ya Red Hat ilitoa Advanced Server 2.1, toleo la kudumu miaka kadhaa, likipokea viraka vya usalama bila kuvuruga programu zilizo juu yake. Kujizuia huko ndiko hasa kulikoikomaza Linux.

Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai msimbo wa mfumo endeshi wa Unix, ambao ilisema ni mali yake, umepenyezwa ndani ya Linux. Wateja waliingiwa na hofu, hata kampuni za HP na Novell zikaahidi kuwakinga wateja wao kisheria. Mwaka 2007 mahakama ya Marekani iliamua kuwa hakimiliki za Unix ni za Novell, si za SCO.

Ahadi ya utunzaji wa muda mrefu ilitikisika tena baadaye. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS Linux 8, toleo la bure lililojengwa kwa msimbo wa Linux ya Red Hat na lililotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Ili kuziba pengo hilo zikazaliwa Rocky Linux na AlmaLinux, zilizoahidi kutunza matoleo yao ya 8 hadi 2029.